Kidole cha Mjomba Sikio

Mimi sina subira, na sioni haya kusema. Basi nifikirie siku ya tatu nimepiga magoti kwenye chumba cha boila cha hospitali, jasho linanitiririka, mita ya kupimia umeme mkononi, na moto haunisikilizi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Nyaya mbili nyembamba kutoka kompyuta ya jengo hadi kwenye kichomeo: kompyuta ikiagiza moto mkubwa, uwake mkubwa, ikiagiza mdogo, upungue. Boila ilikuwa mikononi mwa mjomba wangu, tuliyemwita Sikio maana kwa miaka ishirini na miwili alisikiliza mngurumo tu akajua moto unataka nini. Uongozi ulishamwambia wazi: mkaguzi anakuja siku hiyo ya tatu saa sita mchana, mtambo ukigoma, tutajua ni wewe unayeuhujumu, na utakwenda nyumbani.

Nikaunganisha. Nikafungua sanduku la swichi, nikageuza kutoka "mkono" kwenda "kompyuta". Jamaa wa kompyuta akapiga simu kutoka ghorofani: "Dada, nimeagiza asilimia themanini." Moto ukabaki vilevile, mdogo.

"Mjomba, umegusa kitu?"

"Niguse nini mimi? Nimefunga tu mlango wa sanduku, vumbi lisiingie."

Nikabadilisha nyaya. Nikapima: amri inafika kichomeoni, safi kabisa. Sasa mbona? Nikaanza kujiuliza kama cheti changu nilikiokota jalalani. Mjomba naye macho yamemtoka.

"Labda boila hainipendi tena," akasema, wala hakuwa anatania. Nikamfokea, nikajuta papo hapo.

Saa tano na nusu nikafungua tena sanduku. Swichi iko "mkono". Loo! Mimi niliyeiweka "kompyuta" mara nne! Nikairudisha, nikakaa kimya pembeni. Mjomba akaja akinisimulia habari za goti la mkewe, akashika mlango aufunge, na kidole gumba chake kikaisukuma swichi. Hakutazama hata kidogo, na hadithi ya goti ikaendelea.

Hapo nikakumbuka alichowahi kunisimulia. Zamani otomatiki ya boila hiyo, ile sehemu ya kujiendesha yenyewe, iliharibika, moto ukawa unaruka wenyewe, kwa hiyo watu wa zamu wakajizoesha: kila apitaye airudishe "mkono". Otomatiki ilishatengenezwa, wenzake wakastaafu, lakini kidole hakuna aliyekiambia.

"Mjomba, tazama kidole chako."

Akatazama swichi, akatazama kidole. "Nani kafanya hivi?"

"Wewe."

"Mimi? Acha masihara, mwanangu."

Mkaguzi alipoingia, mjomba alisimama ukutani, mikono mfukoni kama nilivyomwamuru. Nikageuza swichi. Juu wakaagiza themanini. Mngurumo ukapanda wenyewe, mzito. Mkaguzi akatia sahihi, akamwambia mjomba kwamba uongozi umesema aje kazini kesho kama kawaida, akaondoka.

"Toa mikono sasa, yameisha," nikasema.

Hakuitoa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anausikiliza ule moto.

"Mwanangu," akasema, "ukijipandisha hivi wenyewe, kesho nije kufanya nini?"

Nikaanza kukusanya bisibisi zangu.