Rangi ya Ncha ya Nondo

Kuna asubuhi moja ya masika ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na lile swali lako la juzi limeirudisha yote. Umeniuliza utapata wapi chuma kinachokatika kwa urahisi, maana mashine yako ya kukereza ni ndogo na visu vinakwisha haraka. Swali ni zuri na nitakujibu. Lakini kwanza vumilia nikueleze namna nilivyowahi kulijua jibu lake nikalinyamazia, mtu mmoja akapoteza mguu na mwingine akapoteza kazi ya maisha yake.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Wazungu. Karakana ya Fundi Karimu ilikuwa hapa Mwanza, mtaa wa nyuma ya stesheni. Fundi Karimu alikuwa Mhindi aliyezaliwa Bagamoyo, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi Msukuma niliyekipatia dukani. Mimi sikufundishwa kazi na mtu. Nilijifunza kukereza kwa kuchungulia madirishani mwa watu na kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe, mpaka siku moja nikampelekea bushi niliyoitengeneza, ile pete ya chuma ya kuvikia ekseli, akaigeuza mara mbili mkononi, akaniambia niingie ndani nivue viatu nisilete matope.

Nilikuwa kijana wa wasiwasi. Kazi ikiisha niliipima mara tatu, kisha nikiwa njiani kurudi nyumbani nageuka kwenda kuipima tena. Kila siku niliamka nikiamini kwamba leo ndiyo watagundua kuwa sijui lolote. Ndiyo maana nilisugua kila kitu mpaka king'ae. Kitu kinachong'aa hakiulizwi maswali. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Chuma wakati ule kilikuwa adimu. Nondo chache zilifika kwa treni kutoka Dar es Salaam, nyingine tulizing'oa kwenye mashine mbovu za jineri za pamba na kwenye meli zilizochakaa. Kila nondo ilipoingia, Fundi aliuliza ilikotoka, akaigusisha kwenye jiwe la kusagia atazame cheche, maana kila chuma kina zake, akaikwaruza kwa tupa, kisha akaipaka rangi kwenye ncha moja kabla hata hajanywa chai. Buluu ilikuwa ya chuma laini, kile unachokitafuta wewe. Kijani ilikuwa ya chuma cha kubeba mzigo. Na ilikuwa mwiko kukata upande wenye rangi. Ulikata upande wa pili, ili kipande cha mwisho kabisa kibaki kinajulikana ni cha nini.

"Hiki cha buluu kinakubali upesi," alizoea kuniambia. "Ukikikata kinakubali. Na kikielemewa kinakubali vilevile."

Asubuhi ile ya masika Fundi alikuwa ameenda stesheni kuulizia mzigo. Nikabaki peke yangu na zile nondo. Zilikuwa na kutu, na rangi yake ilikuwa imechuruzika ovyo ovyo. Mwanangu, nilishindwa kuvumilia. Nilichukua mafuta ya taa na msasa, nikazisugua zote kumi na moja, ncha na yote. Sikuwa mjinga, rangi nilijua maana yake. Nilizilaza sakafuni kwa mpangilio, nikakusudia nikimaliza nizipake upya, mistari iliyonyooka kwa brashi ndogo, Fundi akirudi afurahi.

Mvua ikanyesha. Maji yakaingia chini ya mlango, nami nikazinyakua nondo harakaharaka na kuziegemeza ukutani. Nilipokuja kushika brashi, tisa nilizitambua kwa unene wake. Mbili zilifanana unene, urefu na mng'ao. Moja ilikuwa ya buluu na nyingine ya kijani, na sikujua ipi ni ipi.

Lile jiwe la kusagia lilikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa. Lakini nilikuwa sijazoea kusoma cheche, na kumngoja Fundi ilikuwa sawa na kumwambia nimekosea. Nikabahatisha. Nikapaka mistari mizuri kabisa. Fundi aliporudi alisimama akatazama, akasema, "Sasa hii ni karakana ya Mzungu." Nikafurahi kama mtoto.

Wiki ya pili akaja Lusato. Alikuwa Mkerewe, mfanyakazi wa jineri iliyokuwa kando ya ziwa, na ndiye aliyetumwa kwetu kila kilipoharibika kitu huko. Mimi aliniita Bwana Msasa.

"Shikamoo Fundi," akasema, akaweka mezani pini nene iliyolika. "Hii ni ya ile winchi ya kuinulia marobota ya pamba. Bosi anataka mpya kesho." Akanigeukia. "Na wewe Bwana Msasa, usiisugue sana. Mara ya mwisho ulinipa kitu kinang'aa mpaka mke wangu akaniuliza ni cha nani."

"Wewe sema umekosa kioo cha kujitazamia," nikamjibu.

"Kwa sura hii, ndugu yangu, kioo ni hasara."

Fundi Karimu alikwenda kwenye nondo, akatazama ncha, akachagua yenye kijani, akanikabidhi. Nikaifunga kwenye mashine. Kisu kilipogusa tu, nilijua. Chuma cha kubeba hutoa utepe mrefu unaojikunja, na mashine hulalamika kidogo. Hiki kilidondosha vipande vifupi kama punje za mtama, na mashine ilikuwa kimya. Kilikatika kama sabuni. Nilisimama mkono uko kwenye gurudumu. Fundi alikuwa mezani, amenipa mgongo. Kulikuwa na nafasi ya kusema maneno manne tu: Fundi, nondo hii siyo.

Sikuyasema. Nilijiambia labda ni chuma kizuri tu. Nikaendelea, na sijawahi kukereza kitu kikatoka chema kama kile. Uso wake ulikuwa kama maji yaliyotulia. Fundi akakipima, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Lusato akaondoka nacho mfukoni, anapiga mluzi.

Pini ilidumu siku sita. Mtu alikuja mbio kumwita Fundi asubuhi: pini ya winchi imekatika, robota limemwangukia Lusato mguuni. Fundi alitoka bila kofia. Na sasa, mwanangu, nakuambia jambo ambalo ni baya kuliko yote yaliyotangulia. Sikumfuata. Nilijua akirudi ataenda moja kwa moja kwenye zile nondo kutazama rangi. Nilichukua mafuta ya taa nikafuta ncha za zile mbili, nikazipaka upya kwa kubadilishana. Ya buluu ikawa buluu kweli, na ya kijani kijani kweli. Fundi alirejea alasiri, rangi imekauka.

Alikuwa na nusu ya pini kiganjani. Alitazama ilipovunjikia, akaenda ukutani akashika nondo niliyokuwa nimeikata, akaona buluu. Alikaa kitako juu ya kasha la vyuma. Kisha akasema, taratibu, "Nilichukua buluu nikaona kijani."

Nilikuwa karibu naye, nafagia pasipo na uchafu.

Lusato walimkata mguu chini ya goti. Fundi Karimu hakugusa tena mashine. Alisema mtu asiyetofautisha rangi ataua watu. Alianza kushika ukuta akitembea. Barua za dada yake wa Bagamoyo, zilizoandikwa Kigujarati kwa herufi ndogo, akawa anampa mkwewe amsomee. Watu walimwonea huruma, na ukimwonea mtu huruma ya namna hiyo naye huanza kuona giza kweli. Miezi mitatu baada ya ajali akauza mashine kwa mtu wa Bukoba. Mimi mwenyewe niliifunga kamba, nikaipeleka bandarini, nikaitazama ikipandishwa melini.

Siku nne baada ya meli kuondoka nilikwenda nyumbani kwake. Sijui kwa nini sikwenda siku nne kabla. Alikuwa barazani, mkwewe anamsomea barua. Nilimwamkia, nikabaki nimesimama, nikasema yote: msasa, mvua, brashi, zile punje za mtama, na ile rangi ya mara ya pili.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinyoosha mkono akachukua barua kwa mkwewe, akaiweka mbali kidogo na uso, akasoma kwa sauti mstari mmoja, halafu wa pili. Sikuelewa maneno, lakini hakukwama hata mahali pamoja. Akaikunja.

"Naona vizuri," akasema. "Na mashine imeshafika Bukoba."

Kisha, bila kunitazama: "Kuzipima nondo mbili kwenye jiwe ingekuwa kazi ya kabla ya chai. Ungeniambia, ningekutukana, tungezipima, tungekunywa chai."

Lusato nilimkuta mtaa wa Kirumba, ameketi anashona nyavu za watu, mkongojo wake pembeni. Naye nilimwambia. Aliniuliza swali moja. "Wakati unakata, ulijua?" Nikasema nilijua. Akarudi kwenye uzi wake. Tuliishi mji mmoja miaka mingi baada ya hapo, na tukikutana tulisalimiana. Lakini hakuniita tena Bwana Msasa. Aliniita kwa jina langu kamili, kama anavyoitwa mtu wa serikalini.

Basi hili ndilo jibu lako. Chuma laini kipo, na ni halali yako kukitafuta. Kitakutunzia visu na mashine yako ndogo. Kitumie kwa bushi, nati, vishikio, na kila kitu ambacho kikivunjika mtu atacheka. Lakini kabla hujauliza kitakatikaje, uliza kitabeba nini, na nani atasimama chini yake. Usinunue nondo kwa mtu asiyejua ilikotoka, hata ikiwa inang'aa. Ikiingia kwako ipime siku hiyohiyo, uipake rangi, ukate upande wa pili. Mashine ikiwa nyepesi kuliko ulivyotarajia, izime. Na ukikosea, maana utakosea, sema kabla rangi haijakauka. Fedheha ya kukosea ni ya nusu siku. Hii nyingine nimekaa nayo mpaka mvi.

Mwenyezi Mungu akujalie jicho la Fundi Karimu na mkono usio na papara. Akupe na ulimi mwepesi kuliko wangu, ili yeyote atakayesimama chini ya kazi yako arudi nyumbani kwa miguu yake miwili.