Meno ya Marehemu

Bi Futi alishona nguo miaka thelathini na miwili, na kwa muda wote huo hakumhurumia mteja mjinga. Akija mtu na suruali ya kaka yake, "Mama, nipunguzie kidogo," humtazama toka utosini hadi kisiginoni, kisha humrudishia. "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kanunue kitambaa, uje nikupime." Futi ya kupimia haikumtoka shingoni, ndiyo iliyompa jina.

Sasa sikia kituko. Mwanamke huyohuyo, meno yake yalipokwisha yote, alifungua kabati akatoa meno ya bandia ya marehemu mumewe, akayasugua kwa sabuni, akayatia kinywani. Yalikuwa makubwa. Basi akachukua tupa, akayapunguza pembeni kama koti! Alipoulizwa, alisema anabana matumizi.

Tangu hapo akisema, meno yalitangulia, maneno yakafuata. Matusi yake yaliyokuwa yakitetemesha mtaa sasa yalitoka kama mtu anayepuliza moto, na wateja wakaacha kumwogopa. Fizi zilichubuka. Akawa anakunywa uji jikoni, amewapa watu mgongo. Mezani mdogo wake, aliyefungiwa meno ya bandia kwa skrubu kwenye mfupa wa taya, alitafuna karanga kwa makusudi.

"Dada, si uje ule na wenzio?"

"Nimeshiba," alijibu, na njaa inamuuma. Aliitamani ile meza mpaka machozi yakamlenga, lakini kiburi chake kilikataa kumruhusu.

Alipoanza kulegea mwili, alimwendea fundi wa meno, akamwekea yale meno mbele yake. "Ni ya marehemu mume wangu. Punguza kidogo hapa kushoto."

Fundi aliyageuza, akaona mikwaruzo ya tupa, akacheka hadi akavua miwani. "Mama, hunikumbuki? Nilikuletea koti la marehemu baba. Ukanifukuza mbele za watu. Ukasema marehemu hakupimwa kwa kifua changu."

Bi Futi alimkumbuka vizuri sana. Aibu ilimpanda usoni.

"Na wewe mshonaji mzima," fundi akaendelea, "kweli ni kubana matumizi, kama mtaa unavyosema?"

Bi Futi aliivutavuta futi yake. "Tulikula sahani moja miaka yote ile. Nilidhani nikiyavaa nitakuwa nakula naye. Kumbe nakula peke yangu jikoni."

Upuuzi mtupu, lakini fundi hakucheka tena. Alikoroga unga wa kupimia kwa maji, akaujaza kwenye kichano chenye umbo la taya.

"Panua, mama. Safari hii tunapima."

Wiki tatu baadaye Bi Futi alivuta kiti mezani, meno mapya kinywani, ya kuvaa na kuvua. Mdogo wake akaanza maringo: "Hayo si hutoka? Yangu hayatoki ng'o."

"Yako yamepigwa skrubu kama bawaba za mlango," akasema Bi Futi, kila neno mahali pake. "Hebu sogeza hizo karanga."