Ubao Nilioukariri

Cheti cha kupima macho ninacho, namshukuru Mungu, kwa hiyo leo naweza kusimulia siku ya mtihani wa vitendo.

Mgonjwa wangu alikuwa Mzee Salim, mwenye duka pale Mtoni. Nikampa shikamoo, nikamkalisha, nikamwomba asome mstari wa chini ubaoni. Akataja herufi nne, zote makosa. Nikamvisha fremu ya kupimia yenye lenzi kali za kuonea mbali.

“Mwanangu, sasa ndiyo umeniletea ukungu.”

Nikamhurumia, nikaandika apelekwe hospitali haraka.

Madam Neema, mwalimu aliyekuwa ananisahihisha, akasoma karatasi yangu. “Wewe unaona herufi gani pale?”

Nikamtajia bila hata kugeuka.

“Hizo ni za ubao wa zamani. Huu nimeutundika leo asubuhi.”

Nikageuka. Niliona weupe wenye madoadoa tu. Kumbe miaka yote ya chuo mie nilikuwa nimeukariri ubao, sijawahi kuusoma. Kinyozi hajinyoi.

Mzee Salim akaivua ile fremu, akanivisha mie taratibu.

“Haya, daktari. Nisomee mstari wa chini.”

Nikasoma. Zilikuwa zilezile nne alizozitaja yeye.