Tela la Baba Nadia na mapazia niliyokataa kulishonea

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, kuchangia ni mara chache. Lakini kila ikija likizo naona mtu anauliza swali lile lile: hivi mwenye kitanda chake nyumbani anakwenda kulala kwenye tela huko vichakani anatafuta nini?

Nilikuwa wa kwanza kucheka. Leo naeleza yaliyonikuta mimi mwenyewe, chumvi sijatia hata punje. Anayebisha afike Masaka, hapa Kigali, aulize tela la kijani ni la nani. Ataletwa mpaka mlangoni na chai atapewa.

Tuanze.

Mimi ni fundi cherehani, nashona mapazia. Meza yangu iko Muhima, kwenye kona yenye kelele kuliko zote. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Jina lake Saidi, lakini mimi namwita Baba Nadia. Nadia mwenyewe ameshaolewa, tumebaki wawili na paka asiye wetu.

Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, wazazi wangu wakiwa Wanyarwanda waliokimbilia huko. Tulirudi Kigali nikiwa msichana, na tangu siku hiyo mpaka leo ni mtu wa kupanga. Nimekaa Nyamirambo, nimekaa Muhima, nimekaa Kimisagara, sasa niko Masaka. Kila nyumba nimeifagia kama yangu na kila nyumba nimeiacha.

Hapa niwaibie siri ya kazi yetu kidogo.

Mpangaji hakati pazia likalingana na dirisha. Chini anaacha pindo pana, sisi tunaliita pindo la akiba. Akihama analifumua, analirefusha kwa dirisha la huko anakokwenda. Nimewashonea watu wenye nyumba zao mapazia yanayotua sakafuni vizuri mpaka unatamani kukaa tu uyaangalie. Ya kwangu, tangu niolewe, yote yana pindo la akiba. Nikikaa sebuleni kwangu macho yanakwenda hapo hapo.

Ndoto yangu ilikuwa moja tu. Dirisha ambalo halitabadilika.

Sasa mzee wangu, badala ya kuniletea habari ya kiwanja, akaniletea tela.

Lilikuwa tela bovu la kubebea mizigo. Akalikata, akalichomelea, akaliwekea paa la bati jepesi, kitanda, kajiko, na madirisha mawili ya kioo. Ukilala ndani miguu inagusa ukuta wa huku na kichwa kinagusa wa kule. Akalipaka kijani. Jioni akitoka kazini haingii ndani kwanza, anakwenda kulizunguka. Anasimama. Anagusa mlango. Anazunguka tena. Wakuu, nilikuwa nalionea wivu tela.

Akaniomba nilishonee mapazia.

Nikamwambia, "Baba Nadia, maisha yangu yote nimehama. Umeona haitoshi, umeniletea nyumba yenye magurudumu?"

Akatoka kwenda kulizunguka tela lake. Nyumba nzima ikanuna.

Mwishowe tukakubaliana hivi: nitalala humo safari moja. Nikirudi nikasema hapana, linauzwa, na hatutalizungumza tena. Mnunuzi alikuwepo tayari, kijana wa Gahanga aliyetaka kuligeuza kibanda cha chapati. Alisema atapiga simu Jumatatu.

Kwa hiyo mjue, mzee wangu alikuwa anaendesha gari huku ndoto yake inavutwa nyuma, na mimi nimekaa pembeni kama hakimu. Na hakimu alikuwa ameshaandika hukumu.

Tuliondoka Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Tukapita Gahanga, tukateremka mpaka daraja la Nyabarongo, tukaingia Bugesera. Rafiki yake Baba Nadia ana kiwanja huko, kando ya ziwa dogo, bado hajajenga. Alituambia tuegeshe tu.

Tulifika jua likiwa limelegea. Nisiwafiche, mahali penyewe palinishtua. Maji yametulia, mafunjo yamesimama kandokando, halafu ule ukungu mwembamba unaanza kunyanyuka kidogo kidogo. Hakuna pikipiki. Hakuna mtu anayeita wateja. Baba Nadia akatoa viti viwili, akachemsha chai ya tangawizi, tukakaa. Sikumbuki mara ya mwisho tulikaa hivyo bila mmoja wetu kushika kazi.

Nikajikuta nasikia vitu. Ndege anayetua majini. Bati la tela likipoa, linatoa mlio mdogo. Mume wangu akinywa chai. Miaka yote hii sikujua kwamba akimeza anahema kidogo kama mtoto.

Lakini mimi ni mbishi. Nikamwambia tangawizi imezidi.

Kulala ndiyo shida, madirisha yalikuwa uchi. Si nilikataa kushona? Mbalamwezi ikaingia yote, ikakaa juu ya blanketi. Nikajifunika mtandio usoni, nikalala na hasira zangu. Cha ajabu ni kwamba nililala.

Asubuhi tuligongewa.

Wakuu wa Rwanda mtacheka, sisi tulisahau kabisa kwamba ile ndiyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku ya umuganda. Kwa wasiojua, asubuhi hiyo kila mtaa unatoka kufanya kazi ya pamoja, kufyeka, kuzibua mitaro, na shughuli zote zinasimama mpaka iishe. Aliyegonga alikuwa kiongozi wa mtaa, huku tunamwita mudugudu, mwanamume mpole mwenye jembe begani.

"Mwaramutse," akatusalimia. Akaliangalia tela kwa utulivu. "Hii nyumba iko yenu?"

"Iko yetu," Baba Nadia akajibu. Si uongo.

"Basi karibuni kwa kazi."

Tukaenda. Nikafyeka na mtandio wangu kichwani, mikono ya fundi cherehani ikatoka malengelenge. Kazi ilipokwisha tukakaa chini kwenye kikao, kama desturi. Mudugudu akasimama akasema kuna wakazi wapya, watu wa nyumba ya kijani kule ziwani, wamefika jana na leo tayari wameshika jembe. Watu wakatupigia makofi.

Nikamfinya Baba Nadia. Alitakiwa asimame aseme sisi ni wapita njia tu. Akafungua mdomo. Akawaona wale watu wote wanavyotutazama kwa furaha, akaufunga. Mume wangu ana aibu ya kuharibu furaha ya watu. Akainua mkono akashukuru. Murakoze, murakoze, na akakaa.

Njiani nilimsema mpaka tukafika.

Mnaweza kukisia kilichofuata, maana Rwanda mtu akihamia nyumba mpya haachwi hivi hivi. Kuna gutaha inzu. Majirani wanakuja na vinywaji na chochote walichonacho, wanakaa, wanaibariki nyumba, ndipo inakuwa nyumba kweli. Nimehudhuria za wenzangu wengi. Nimebeba sana maziwa kupeleka kwa watu. Mimi mwenyewe sijawahi kufanyiwa, maana nyumba ya kupanga nani aje kuitaha?

Jioni ile nikawaona wanakuja kwenye njia ya ziwani.

Walikuwa wanatembea polepole, wamependeza, jua liko nyuma yao. Mbele alikuwa bibi mmoja, mukecuru Domitila, ambaye shamba lake linapakana na kile kiwanja. Mwingine kabeba kapu la viazi vitamu. Mwingine kidumu cha maziwa ya mgando. Na kreti ya Fanta, kwa sababu walishaona mtandio wangu na wakajua pombe si yetu. Hilo la Fanta lilinigusa mapema kabla hata hawajakaa.

Na mimi nyumba yenyewe haina hata pazia.

Vikombe vilikuwa viwili. Tukanywa kwa zamu. Wengine walikaa majanini, mukecuru nikampa kiti changu. Alichungulia ndani ya tela, akagusa kitanda, akagusa kajiko, akacheka kwa furaha. Alikulia Burundi kama mimi, kwa hiyo tukazungumza Kiswahili chetu cha kule.

"Iko ndogo, lakini iko na kila kitu," akasema. "Unalala, unaona maji. Mimi naona ukuta."

Watu wakacheka. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya waridi, na tela letu la kijani limeshika ile rangi ya jioni, na mume wangu amesimama mlangoni kwake akigawa viazi. Sijawahi kumwona mrefu vile.

Halafu mukecuru akasimama kuibariki nyumba, na mimi nikashindwa. Nilimshika mkono nikamwambia taratibu, "Nyogokuru, bibi yangu, nisamehe. Sisi hatujahamia hapa. Sisi kesho tunaondoka. Hii nyumba iko na magurudumu."

Nilingoja aniachie mkono.

Hakuuachia. Akaniangalia kama naumwa.

"Mwanangu, magurudumu tuliyaona tangu asubuhi. Sisi hatuko vipofu."

"Sasa mbona mmekuja?"

"Ndiyo maana tumekuja leo. Kesho tungekuja kwa nani?"

Akageuka, akaweka kiganja chake kwenye bati la mlango, akasema, "Mugire urugo ruhire." Yaani muwe na nyumba yenye heri. Wote wakaitikia.

Wakuu, nililia. Sikulia kwa adabu, nililia mpaka mtandio ukalowa, na Baba Nadia akadhani malengelenge yananiuma. Nilikuwa nalia kwa ajili ya nyumba zote nilizofagia na hakuna aliyekuja kuzibariki.

Wakaondoka kabla giza halijashika. Sauti zao zilibaki juu ya maji muda mrefu, wakiongea wakicheka, mpaka zikawa ndogo kabisa. Usiku ule mtandio usoni sikuutaka. Nililala nimegeukia kioo.

Alfajiri niliamka kusali, nikabaki nimekaa kitandani. Ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye kioo, weupe mtupu, ni kama tunaelea. Kisha ukaanza kufunguka, nikaona mafunjo, nikaona moshi kwa mukecuru. Na hapo ndipo nikafikiria jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote na sikuliona.

Hili dirisha nikiwa Bugesera ni hili. Nikienda Kivu ni hili. Nikihama Masaka mwakani, kama mwenye nyumba alivyoanza kudokeza, dirisha hili nakwenda nalo. Kinachobadilika ni kile kilichoko nje tu.

Kwenye mkoba wangu futi ya kupimia haikosekani. Nikaitoa.

Baba Nadia alifungua macho akanikuta nimepiga magoti kitandani, nimeishika futi kwenye kona ya dirisha. Alilala vile vile akiniangalia, akameza mate, na nikamsikia akihema kidogo kama mtoto. Kisha akanyoosha mkono akanishikia upande wa pili wa futi.

Jumatatu yule kijana wa chapati alipiga simu. Niliichukua mimi. Nikamwambia samahani mdogo wangu, nyumba hiyo tayari imetahwa.

Sasa funzo, maana najua kuna mtu atauliza.

Wale wanaosema watu wanapenda tela kwa sababu ya mandhari hawajakosea, mandhari yapo, na chai ya nje ina ladha yake. Lakini mimi nadhani ni kwa sababu nyumba ndogo inakusogeza karibu na uliyenaye, mpaka unamsikia anavyomeza. Na ni kwa sababu unakwenda mbali na bado mlango unaoufungua ni wako. Miaka mingi nilijua nyumba ni kitu kisichoondoka. Mukecuru Domitila alinibarikia kinachoondoka, na moyo wangu umetulia kuliko ulivyowahi kutulia. Kiwanja bado nakitaka, msinielewe vibaya. Lakini siumwi tena.

Waliowahi kulala kwenye tela karibuni mseme, asubuhi yenu dirisha liliwaonyesha nini? Na wanaotaka kucheka wacheke, nilianza kabla yenu.

Majibu nitasoma baadaye kidogo, kitambaa kiko mezani. Madirisha mawili, nimeyakata kwa kipimo chake kamili. Pindo la akiba sijaacha.