Kipepeo Kipofu Katikati ya Nyanya

Ukifungua friji nyumbani kwetu, usishtuke. Nyuma ya nyanya na jagi la maji kuna vikopo vya plastiki vilivyotobolewa matundu kifunikoni, na ndani ya kila kikopo kipepeo amekaa kimya juu ya kitambaa kibichi. Baridi haimuui, inamtuliza tu. Akishatulia, mke wangu humtoa, humchunguza, kisha humrudisha mlimani alikomtoa. Mimi nimeshazoea. Shemeji yangu alitafuta siagi siku moja, akapiga kelele hadi jirani akaja na ufagio.

Mtaani wanamwita Mama Vipepeo. Ni mtunza wadudu kwenye jumba la makumbusho, na umri wake wote wa kazi ameumalizia kwa vipepeo wawili wa kahawia ambao mimi, fundi cherehani mwenye macho mazima, siwezi kuwatofautisha wakiruka. Wote wanaishi kwenye nyasi za juu mlimani, wote wadogo, wote rangi ya chai iliyokolea. Mmoja ana vidoa vyeusi upande wa chini wa mabawa, kila kidoa na duara lake la manjano. Huyo mke wangu anamwita Mwenye Macho, na wamejaa tele. Wa pili hana kidoa hata kimoja, naye ni Kipofu. Makumbusho wana Vipofu wachache waliokauka kwenye droo, waliokamatwa kabla sisi hatujazaliwa. Wa mwisho kumwona akiwa hai ni mke wangu.

Kama alimwona kweli. Hilo ndilo wenzake kazini huulizana akishatoka chumbani, kwa sababu shahidi alikuwa mmoja tu, nami nilikuwa nimelala. Nililala fofofo kwenye nyasi, kofia usoni, enzi hizo tukiwa wachumba. Aliniamsha huku analia kwa furaha: "Kipofu! Alikuwa kwenye goti lako!" Nilipofumbua macho, kulikuwa na goti tu. Hadi leo hajanisamehe, ingawa anacheka akisimulia.

Mwaka huu anastaafu, na haja yake ilikuwa moja: ampate Kipofu tena, wenzake waache kutabasamu pembeni. Kila asubuhi isiyo na ukungu tulipanda mlima, yeye na wavu wake, mimi na chupa ya chai na magoti yanayolalamika. Msimu ulikuwa ukingoni alipomnasa mmoja. Akainua kikopo juani, akatazama mabawa yaliyofumbwa, akanishika mkono akaubana hadi ukauma. Hakukuwa na kidoa. Nilicheza pale kama mwendawazimu, ng'ombe wakinitazama. Yeye akampigia simu mkuu wake palepale, na mkuu akasema kesho yake watu wote wa makumbusho wakusanyike wamwone.

Tuliporudi nyumbani nikabandika maji ya chai. Yeye akakaa mezani na lenzi yake. Maji yakachemka, yakachemka tena, naye bado ameinamia kikopo.

"Fundi," akaniita mwishowe. "Hebu njoo. Usitazame kama mume wangu. Mtazame kama nguo ya mteja."

Akainamisha taa ya mezani imulike bawa kwa ubavuni, akanipa lenzi. Kipepeo ana unga, ule unaobaki vidoleni ukimshika, na ndio unaompa rangi. Huyu alikuwa nao bawa zima, isipokuwa pale ambapo vidoa vingekaa. Pale palikuwa peupe kidogo na panang'aa, kama kiwiko cha koti kuukuu. Kingo za bawa nazo zilikuwa zimechanika.

"Haya, niambie. Nguo hii haijawahi kuwa na ua, au lilikuwepo likafutika?"

Jibu nililijua. Nilijua pia kwamba kesho watu wanamngoja, na kwamba nikisema ua halijawahi kuwepo, huenda akaniamini kwa kuwa anataka kuniamini. "Macho yangu siku hizi..." nikaanza.

"Fundi."

"Lilikuwepo," nikasema. "Limefutika."

Akaitikia kwa kichwa. "Mwenye Macho aliyezeeka. Nyasi zimemsugua."

Hapo nikapandwa na hasira, sijui kwa nani. "Sasa ulikuwa unaniuliza ya nini? Nani mwingine angemmulika hivyo?"

"Wangemweka kwenye droo pamoja na wale wa kweli," akasema. "Halafu atakayekuja baada yangu ajifunze kupitia huyu."

Akampigia mkuu wake, amesimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu. Nilimsikia akisema, "Hapana, nimekosea mimi." Alipokata simu akakaa, na macho yake yakawa mbali.

"Na yule wa kwenye goti lako?"

"Yule alikuwa Kipofu," nikasema haraka.

"Wewe ulikuwa umelala."

"Basi ulimwona wewe, inatosha."

"Sikumkamata. Sikumwekea lenzi wala taa. Umri wote huu namtetea, kumbe huenda alikuwa mzee tu kama huyu." Akalia, naye si mtu wa kulia ovyo. Nilimshika bega. Maishani sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani jioni ile kwamba ningekuwa macho siku ile.

Asubuhi tukapanda kumrudisha kipepeo. Mke wangu akafungua kikopo mahali penye jua, akamwinamia.

"Nisamehe, babu," akamwambia. "Tangu jana nakutazama huku natamani uwe mwingine."

Babu akakunjua yale mabawa yake yaliyochanika, akaota jua, kisha akaondoka chinichini, anayumba, akapotelea kwenye nyasi.

Nilidhani tutashuka. Badala yake mke wangu akakaa, wavu mapajani, uso ukielekea mteremko. Nikakaa kando yake. Nikavua kofia nikaitupa mbali, nikainua goti langu lipate jua.

"Kama umechoka, lala kidogo," akasema.

"Silali," nikamwambia.