Pikapu Iliyoinuka Mno

Mtaani kwetu Loresho, Nairobi, kumejaa magari makubwa ambayo hayajawahi kuona matope. Yanaoshwa kila asubuhi, yanapeleka watoto shule, yanarudi kulala. La kwangu ndilo lililokuwa aibu ya mtaa: pikapu kuukuu ya milango minne, imeliwa na kutu, inavuja mafuta mahali ambapo sijapajua hadi leo. Lakini mimi niliinunua kwa kazi moja. Mama mkwe wangu alitaka kwenda kumwona dada yake.

Alikuwa akiishi kwetu tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Dada yake, ndugu pekee aliyembakia, alikuwa amelazwa na ugonjwa nyumbani kwake Ukambani, na kila alipopiga simu alisema jambo moja tu: njoo nikuone. Mvua nazo zilikuwa zimeikata njia. Lami ikiisha kuna udongo mweusi, kisha mto usio na daraja. Tulijaribu kwa gari dogo la mke wangu, tukazama mpaka milangoni, tukatolewa na ng'ombe wa watu. Mama alirudi Nairobi kimya.

Kimya kati yetu hakikuwa kitu kigeni. Mimi ni mtu wa Kiambu, na kwao Ukambani wana heshima kali kati ya mama na mume wa binti yake, wanaiita nthoni. Hatugusani. Hatuli meza moja. Nikiingia sebuleni, yeye huchukua mkongojo wake na kutoka. Nikimsalimu, huujibu ukuta. Maneno yake yote hupitia kwa binti yake: "Mwambie baba watoto chai iko tayari," na baba watoto nimesimama pale pale nasikia. Mwanzoni iliniudhi, halafu nikazoea, halafu nikaanza kumpenda yule mama hivyo hivyo, kwa mbali.

Mke wangu alitaka pikapu tumpe fundi. Nikamwambia fundi atatuzungusha. Ukweli ni kwamba nilitaka mama aione kazi ya mikono yangu, maana maneno yangu hayakuwa na njia ya kumfikia.

Nikashuka mjini, Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea. Muuzaji alinisikiliza huku akitafuna muwa.

"Mkubwa, hiyo udongo ya Ukambani usicheze nayo," akasema. "Weka springi ndefu, weka tairi kubwa. Na hizo step za side, toa. Zitashika mawe tu. Ukimaliza, hata mto unapita kama mchezo."

Nilimsikiliza kama daktari. Kila wikendi nililala chini ya gari uani, na kila nati niliyoifungua ilizaa tatizo jingine. Bushi, zile raba za kwenye springi, zilikuwa zimekwisha. Bomba la breki lilikuwa limetoboka. Boliti moja iliyoshikwa na kutu ilinimalizia Jumamosi nzima, na niliitukana matusi ambayo watoto wangu wanayakumbuka vizuri kuliko masomo yao. Mikono ilinuka grisi hadi kanisani. Vidato vya pembeni niliving'oa. Springi za zamani nilimpa mtu wa vyuma vikuukuu aliyepita getini, nikafurahi kwamba zimeniondokea. Wakati huo wote simu zilikuwa zikija kutoka Ukambani, na sauti ya yule dada ilizidi kuwa ndogo.

"Mwambie asubiri kidogo," nilikuwa nikimpigia mke wangu kelele kutoka chini ya gari. "Namalizia."

Nikamaliza. Jumapili asubuhi pikapu ilisimama uani, imeinuka hadi ukimtazama mtu upande wa pili unamwona miguu. Nilijisikia kama bwana harusi. Mama akatoka na mkongojo wake, amevaa gauni la kanisani na leso mpya, mkononi ana mfuko wa sukari na majani ya chai wa kumpelekea dada yake. Akafika mlangoni mwa gari, akatazama juu. Sakafu ilikuwa inamkaribia kifuani.

Nilikuwa nimeupima mto, nimeyapima matope na mawe. Mama sikuwa nimempima.

Tulileta kigoda, kisha kiti cha jikoni. Aliinua mguu, akaurudisha chini, uso umemjaa jasho. Nyonga ilikataa. Mke wangu, ambaye ni mdogo wa mwili, akamshika kiunoni ajaribu kumwinua, wakayumba wote wawili nusura waanguke. Soja wa geti akajitolea.

"Mimi si gunia," mama akasema.

Nikamgeukia mke wangu. "Mwambie mimi naweza kumbeba."

Hakumwambia, na hakukuwa na haja, kwa sababu sote tulisikia. Mama akageuka, akarudi chumbani polepole na mfuko wake. Mimi nilibaki nimeshika mlango wa gari. Nilitaka kulia, nikaenda kupima upepo wa matairi.

Kuishusha pikapu kulihitaji zile springi za zamani, nazo zilikuwa zimeshakwenda. Kila nikitoka kazini nilirudi Kirinyaga Road kutafuta nyingine.

"Mkubwa, watu wanainua gari, wewe unashusha?" yule muuzaji aliniuliza. "Za hiyo model hazipatikani siku hizi."

Nikiwa nimesimama pale dukani, mke wangu akapiga simu. Aliniambia huku akilia. Dada wa mama alikuwa amefariki.

Sikumbuki nilivyotoka mjini wala nilivyopita Waiyaki Way. Nilipofika nyumbani mama alikuwa amesimama kando ya pikapu, gauni lile lile, leso ile ile, bila mfuko. Mke wangu alikuwa amemshika mkono.

"Mwambie," mama akaanza. Akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nibebe, mwanangu."

Akajifunika uso kwa leso. Nikambeba. Alikuwa mwepesi kuliko springi nilizozifunga. Nikamweka kitini, nikamfunga mkanda.

Pikapu ilipita matope yote. Ilivuka mto bila kuteleza hata kidogo, na hakuna nati iliyolegea. Kadiri ilivyokwenda vizuri ndivyo nilivyozidi kuumia. Nyuma yangu, kando ya binti yake, mama alikuwa akilia chini ya leso.

Uani kwa marehemu watu walikuwa wamejaa, wakiwemo wazee wa kwao wanaoijua nthoni vizuri kuliko mimi. Nilizunguka, nikafungua mlango, nikaangaza macho kwenye umati nimtafute mke wangu, aliyekuwa ameshashuka, aniombee ruhusa. Mama akaitoa leso usoni, akaninyooshea mikono mbele yao wote.