Nusu ya Mstari wa Taa

Habari nilizipata Msambweni Ijumaa iliyopita, kwa dereva wa lori la mahindi: yule mzee mkagua reli wa upande wa Kinango amefariki na ameshazikwa. "Binti yake anauliza," akaongeza, "kama yule kijana wa kamera ana picha ya baba. Kwao hawana hata moja." Wasomaji wangu, tangu hapo silali vizuri, na si kwa huzuni peke yake. Ni aibu.

Mnaonisoma mnaujua ugonjwa wangu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Upigaji picha nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kisichokuwa na jalada na kwa kuharibu filamu nyingi. Mwaka bendera yetu ilipopandishwa, wenzangu walipiga picha za ngoma na gwaride. Mimi nilishikwa na wazo la kupata nyota na gari la moshi katika picha moja. Kwetu reli haifiki, basi nikawa napanda hadi stesheni ndogo kule nyikani. Kamera unaisimamisha gizani, unaiacha wazi muda mrefu bila kuigusa. Nyota zinachora mistari yake juu, kisha gari linapita na taa yake inachora mstari wake chini. Mtu akikatiza gizani haonekani. Akikatiza na taa, taa yake inaandikwa.

Na mzee huyo alipita na taa kila usiku, akitembea juu ya mataruma, zile mbao zinazobeba reli, kabla ya gari kufika, kutazama kama kuna jiwe, ng'ombe au reli iliyolegea. "Shikamoo, mzee," nilimwambia, naye akajibu, "Marahaba. Ehe, wa Msambweni, kwenu nyota zimekwisha hata uje kutumalizia zetu?" Nilicheka, kisha nikamwomba apite kando. Mara nyingi alinisubiri au akazunguka. Lakini usiku mmoja mbingu zilikuwa safi ajabu na filamu ilikuwa ya mwisho, nikamtaka azime taa.

"Dakika chache tu, mzee wangu."

"Mwanangu, gari lina watu. Picha yako ina nani?"

Akakatiza mbele ya kamera akichechemea, taa ikining'inia mkononi. Niliondoka alfajiri bila kumuaga, na sikurudi tena.

Picha ilipotoka, nyota zilikuwa kamili, na gari pia. Chini yake ulipita mstari mwembamba wa taa ya mzee, ukipanda na kushuka. Nilichukua wembe nikaanza kuukwangua kwenye filamu. Nilipofika nusu nikaona nazidi kuharibu, nikaichapa ile picha kwenye karatasi hivyo hivyo na kuitupa sandukuni. Ijumaa nililipekua sanduku lote. Picha za reli ni nyingi, na katika kila moja mzee nilimwondoa mwenyewe. Iliyobaki na alama yake ni hiyo tu.

Jumapili nikaipeleka. Binti yake aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Nilianza kuomba radhi kwamba uso hauonekani, akaniashiria ninyamaze. Kidole chake kilikuwa kinafuata ule mstari.

"Ndiye," akasema. "Mama, njoo utazame! Hapa anakanyaga mguu mzima, hapa anauvuta ule mbovu." Mama yake akacheka na kulia pamoja. Kisha kidole kikafika katikati, mstari ulipokatika. "Na hapa, kaka? Alikwenda wapi?"

"Nilimfuta, dada. Niliona ameniharibia picha."

Hakunitukana, afadhali angenitukana. "Lakini alifika?"

"Alifika. Na gari likapita salama."

Nchi yetu hii changa nayo inapenda picha safi. Siku za sherehe tunawapiga picha waliokaa jukwaani, na waliolifagia jukwaa tunawaambia wasogee. Mimi siwezi kuwanyooshea wengine kidole. Nilikuwa na wembe mkononi, nikadhani nasahihisha kosa, kumbe kile nilichokikwangua ndicho kilicholipitisha gari. Filamu hairudishi kilichokwanguliwa. Nimejaribu kila dawa ninayoijua. Ninachoweza sasa ni kuuliza kwanza, kabla sijamwambia mtu yeyote asogee pembeni: huyu anakwenda wapi na taa yake, na ni nani anayekuja nyuma yake?